Uzi wa Breki

Mihambo amerudi Gongoni na sanduku
refu, jembamba, kama jeneza la nyoka,
akalilaza juu ya meza yangu ya kuzibia pancha
kati ya spoku na kopo la gundi.

Miaka minne alikuwa Kambodia
akiwaongoza panya buku kwa kamba na kwa ndizi
katika mashamba yaliyotegwa mabomu kabla yeye hajazaliwa.
Panya akikwaruza, watu wanasimama.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kusikiliza kucha.

Sasa anafungua. Kifuu cha nazi,
ngozi ya chatu usoni, shingo ndefu ya mti mweusi.
"Hii tro," anasema.
"Hili zeze," nasema.
"Siyo zeze."
"Lina kifuu, lina ngozi, lina shingo. Babu Kasubi alikuwa nalo."
"Upinde wa Babu ulitoka ukaning'inizwa ukutani.
Huu hautoki. Jaribu."

Najaribu. Kweli hautoki.
Singa za farasi zimepita kati ya uzi na uzi,
zinaishi humo.
Ukitaka kuzitenga lazima uvunje kitu.

Uzi mmoja ulikatika ndani ya behewa, walipoipita Manyoni.
Nikafumua waya wa breki wa baiskeli ya Nkwabi,
nikachomoa unyuzi mmoja, nikaufunga.
Ukakaza. Lakini tro ikanyamaza:
upinde uliteleza tu
kama mtu anayepita msibani bila kutoa pole.
Tukapaka nta. Tabora hii, nta ni jibu la kila kitu.
Ikawa mbaya zaidi.
"Utomvu," akasema Mihambo. "Wangu ulibaki uwanja wa ndege,
walidhani ni dawa za kulevya."

Mama Kalunde akatokea na chetezo, ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa.
"Huyo aliyekufundisha ni nani?"

Chhoeun, Mama.
Walipokuwa wanawaua wapigaji
alifukia kifuu chini ya banda la bata,
akasema yeye ni mkulima, hajui hata mluzi.
Karibu miaka minne hakupiga mluzi.
Alipofukua, mchwa walikuwa wamekula shingo yote,
kifuu kizima.
Ardhi ile ile, Mama. Ile ile ninayoikagua kwa panya.

Na kabla ya kupiga huwa tunawasalimu walimu,
walio hai na waliouawa:
mshumaa, ubani, viganja pamoja kwenye paji la uso.

"Sasa mnangoja nini?" akasema Mama,
akavunja bonge la ubani mara mbili,
nusu kwenye makaa,
nusu akaisugua kwenye singa, taratibu,
kama anayemchana mtoto asiyependa kuchanwa.
"Hii inanata. Haya."

Sauti ikatoka puani, nyembamba,
sauti ya bibi anayekataa kulia mbele ya wakwe.
Ikapanda. Ikakwama mahali
ambapo kinanda cha kanisa hakina kibao.
Anatoli wa kwaya alikuwa anapita, akashuka kwenye baiskeli:
"Hiyo ya nne imeteleza."
"Haijateleza," Mihambo akajibu, hakuinua kichwa.
"Huko ndiko kwake."

Alipiga macho yakiwa sakafuni.
Nilidhani ni adabu ya muziki wao.
Halafu nikaona mguu wake:
haukugonga mdundo, ulitulia kabisa,
unangoja kitu kikwaruze.

Tro ilipokwisha Mama aliwataja wafu wetu
mmoja mmoja, kama kila Alhamisi,
na baada ya Babu Kasubi akaongeza:
"Na Chuuni, mwalimu wa mwanangu."
"Mama, Chhoeun yu hai."
"Aliye hai hatajwi?"
Akapuliza makaa.

Kesho nitamweleza Nkwabi
kwamba breki yake ina uzi mmoja pungufu,
ashuke mlima polepole.